Sauti ya Tano

3 Februari

Wifi yangu Radi,

Usishtuke kuona bahasha. Simu ninayo, tena ina chaji, lakini kuna neno haliwezi kupita mdomoni mwangu, na kwenye simu ningekata kabla sijalifikia. Karatasi inanivumilia. Hata hapa utaona nalizunguka, kwa hiyo na wewe nivumilie.

Tuanze na siku ile nyumbani kwa Mama. Uliniuliza mbele ya ukoo mzima, kijiko mkononi, "Wifi, mnangoja nini? Au mtoto mmemwagiza kwa meli?" Watu wakacheka mpaka vikombe vikalia. Mimi nikainuka, nikaenda kukaa kwenye ngazi, na kaka yako akanikuta huko nimekumbatia mkoba. Najua ilisemwa nimenuna. Najua pia Mama anaamini sitaki kuzaa, kwamba cherehani ndiyo mtoto wangu. Wifi, namtaka mtoto. Mteja mjamzito akija kupimwa, nikizungusha utepe tumboni kwake, namwonea wivu mpaka nakosea namba.

Ninachoogopa ni T. Unaelewa? Tumbo linaporudisha kilichoingia. Kinyaa kila mtu anacho, sizungumzii kinyaa. Hii ni hofu, ile ya mikono kufa ganzi. Mtu akikohoa vibaya kwenye foleni, mimi foleni nimeiacha. Maziwa nayanusa, nayanusa tena, halafu namwaga hata kama ni mazima. Kwenye basi nakaa dirishani na tangawizi mfukoni, na dereva akikata kona nafumba macho. Nimeolewa miaka sita, na kila mwezi nasema "mwezi ujao", kwa sababu kila mjamzito niliyemshonea amenihadithia T yake ya asubuhi, wengine mpaka T ya leba, mimi nimepiga magoti na pini mdomoni nikitafuta mlango uko wapi. Kaka yako anajua. Hajawahi kuniambia "jikaze", hata siku moja. Anayejua mwingine sasa ni wewe.

Sasa sikia, hapa ndipo moyo unaponidunda. Mwezi jana mkunga wa zahanati yetu aliniletea sare yake nimpunguzie kiuno. Mazungumzo yakaenda yakarudi, nikajikuta nimemwambia. Hakucheka. Akasema hofu hii anaijua, kuna wanawake wengi wanakuja nayo wameificha chini ya sababu nyingine, na dawa yake ni kuizoea kidogo kidogo: kulisoma neno, kulisema, kuona picha, kusikia sauti, mpaka siku ya siku isikukute mgeni. Nikamwambia, "Kumbe ni kama marekani!" Akashangaa. Nikamweleza kwamba sisi mafundi hatukati hariri ya bibi harusi hivi hivi. Kwanza tunakata kitambaa cha marekani, cha bei rahisi, tunashona gauni la majaribio, tunakosea humo, ndipo tunaigusa hariri. Akapiga makofi. Akasema basi, hayo ndiyo tutakayofanya.

Wifi, nimeanza! Picha nimeshaangalia mbili, moja kwa jicho moja. Linalofuata ni sauti. Na mimi katika dunia hii ninaye mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutengeneza sauti za uongo redioni. Nitengenezee T ya bandia. Anza na ya mbali.

Mama asijue. Nakuomba.

Wifi yako,
Pindo


12 Februari

Pindo, Pindo, Pindo,

Barua yako nimeisoma studio, nimeisoma kwenye ngazi, nikairudia bafuni. Kwanza nipige. Nipe mgongo nipige mwenyewe kwa niaba yako. Mdomo wangu huu, Mama alikuwa akisema utanipeleka pabaya, na pabaya penyewe ndipo hapo mezani. Mtoto kuagizwa kwa meli! Nisamehe, wifi. Nilidhani natania kumbe nakanyaga kidonda.

Haya, tuje kwenye kazi, maana nimefurahi kama niliyepewa mchezo mzima niuongoze. Unajua studio yetu ilivyo. Tuna sanduku la kokoto kwa ajili ya nyayo, tuna mlango uliosimama katikati ya chumba usioelekea popote, na kuna bati langu la radi lililonipa jina. T tunayo kwenye orodha ya kazi tangu zamani, kwa sababu hakuna mchezo wa redio usio na mlevi. Inatengenezwa hivi: uji mzito uliopoa, biskuti zilizolowekwa, vyote ndani ya mpira wa maji ya moto, ule wa kukandia mgongo. Unaukamua ghafla juu ya ndoo, huku mwenyewe unakoroma kooni kidogo. Nimekwambia siri ya kampuni. Ukisikia tena mlevi redioni anasumbuka, ujue ni uji na mimi nimevaa aproni.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Ina sauti tano, nimezipanga kama ulivyosema. Ya kwanza iko nyuma ya milango mitatu, utadhani jirani anahamisha kabati. Ya pili milango miwili. Ya tatu mlango mmoja. Ya nne ni chumba kilekile. Ya tano ni hapo hapo sikioni. Hiyo ya tano imetoka vizuri kuliko zote na sitaki hata kueleza ilivyotoka. Usiiguse mpaka nne za mwanzo zikuchoshe.

Mimi niko salama, uchovu tu. Wamepaka gundi mpya ukutani studio, harufu yake inanitoa nje kila saa. Mume wangu bado yuko kwenye lile daraja wanalojenga, anarudi mwisho wa mwezi ujao akipenda Mungu na saruji.

Ninakupenda, mwoga wangu shujaa. Nipe habari ya kila sauti.

Radi


2 Machi

Wifi Radi,

Ya kwanza nimeimaliza! Niliiwasha nikiwa nimeshika gurudumu la cherehani kwa mkono wa kulia, kwa sababu mkunga alisema nishike kitu ninachokiamini. Mara ya kwanza nilizima kabla haijaanza. Mara ya pili niliisikia nikatoka nje, nikasimama barabarani bila viatu, mwenye duka la betri akaniuliza kama kuna moto. Sasa naisikiliza huku napiga pasi. Jirani anahamisha kabati, basi. Mwache ahamishe.

Ya pili ilinipa kazi ya siku nne. Ya tatu nikalia, si kwa woga, kwa hasira. Nilijiuliza kitu gani hiki cha uji na biskuti kimenikalisha miaka sita nje ya mlango wangu mwenyewe. Kaka yako alirudi kutoka kazini na mafuta ya lifti mpaka kwenye nyusi, akanikuta nalia na sauti inaendelea kujirudia. Akaketi sakafuni. Akasikiliza na mimi. Halafu akasema, kwa ule utaratibu wake, "Huyu mlevi amekula biskuti." Nilicheka mpaka nikapaliwa. Wifi, nilicheka na T ikiwa chumbani!

Mkunga anasema naenda vizuri. Sasa kazi yangu ni kuandika neno, kila siku kidogo. Leo nimefika hapa: kutapi. Herufi mbili zimebaki. Naziona zimekaa pale ng'ambo zinanichekea.

Kesho naanza ya nne.

Pindo


19 Machi

WIFI!

Mama amenipigia simu analia kwa furaha! Amesema amekusikia kwa masikio yake mawili, asubuhi, mlango umefungwa, na kwamba amekuwa bibi tena! Nimepiga kelele mpaka mwongozaji akasimamisha mchezo. Hongera! Hongera mara elfu! Umewezaje? Vipi hofu? Unalala? Unakula?

Nimefurahi, naapa. Ila kuna kijiwe kidogo kooni na nitakitema, maana sisi wawili tumeshaambiana makubwa. Mbona nimesikia kwa Mama? Nilidhani nitakuwa wa kwanza. Haya, nimekitema, kimeisha. Niandikie leo leo.

Shangazi mtu,
Radi


21 Machi

Wifi,

Keti. Hakuna mimba.

Mama alikuja kuchukua gauni lake la kupunguzwa. Mimi nilikuwa nimefunga mlango na dirisha, niko kwenye ya tano, mara ya tatu asubuhi ile, nimejipa moyo na nimefungua sauti yote kama mkunga alivyoagiza. Mama amesimama nje, mkono ameuinua apige hodi. Akasikia. Akaushusha mkono polepole asiniaibishe, akageuka, akaenda zake akitabasamu barabara nzima. Gauni hakulichukua. Kufikia saa saba, mwenye duka la betri anajua, dada wa saluni anajua, na wewe uko mbali huko unajua. Asiyejua ni mimi mwenye tumbo.

Kaka yako ndiye aliyenivunja mbavu. Alikuwa kwenye lile jengo refu, ametoka kwenye shimo la lifti, mlinzi akamshika mkono kwa nguvu, "Hongera, baba!" Akadhani anapongezwa kwa lifti. Akajibu, "Asante, ilisumbua sana lakini sasa inapanda na kushuka bila shida." Mlinzi hajamwelewa mpaka leo.

Jioni Mama akaingia na beseni. Beseni la kuogeshea mtoto, la bluu, kubwa, jipya, limefungwa utepe. Amelishika mbele yake kwa mikono miwili na uso wake, wifi, sijawahi kuuona vile. Niliona ni heri nimwambie pale pale kabla hajalala na furaha isiyokuwepo. Nikamwambia yote. Hofu, miaka sita, foleni, maziwa, mkunga, flashi. Niliposema "nimekuwa naogopa kutapika, Mama, ndiyo maana", akaweka beseni chini. Nikajua sasa nitaambiwa ni kujidekeza.

Akavuta kiti, akaketi. Halafu akasema, "Miaka yote hii nimekaa nikidhani unatudharau." Machozi yakamtoka. Kisha akaangalia mlango kama mtu anayetaka kuiba, akaninong'oneza, "Umewahi kuniona nimemshika kuku?" Nikasema hapana, huwa unawatuma watoto. Akasema, "Namwogopa kuku. Aliye hai. Mabawa yale. Nimezaa watoto watano na nimezika mume, na kuku akinijia mbio nampandia kiti. Sasa tumejuana."

Wifi, mama yako anaogopa kuku! Ulijua?

Lakini sijafika ninapokwenda. Mama alitaka kusikia hizo sauti zilizomdanganya. Nikamwekea. Ya kwanza akasema, "Uji." Ya pili, "Uji." Ya tatu na ya nne, "Uji na kitu kingine, biskuti." Ya tano ikaanza. Akainua kidole ninyamaze. Ikaisha, akasema rudia. Nikarudia. Mwishoni kabisa kuna mtu anavuta pumzi na kujisemea kwa sauti ndogo, "Haya, basi." Mimi siku zote nilidhani ni uigizaji wako.

Mama akasema, "Hapo hakuna uji. Huyo ni mwenye mimba changa. Na huyo ni mwanangu."

Radi, ya tano umeitengenezaje?

Pindo


27 Machi

Wifi yangu,

Sikuitengeneza.

Siku ile nilikuwa narekodi radi kwa ajili ya mchezo wa mfalme, bati mkononi, kipaza sauti wazi. Ikanijia ghafla, nikaikamata ndoo ya uji kwa bahati. Nilipomaliza nikakuta imerekodiwa yote, na barua yako iko mfukoni mwa aproni. Nikafikiri, hii ndiyo iliyo bora, nani atajua? Sikumkumbuka Mama. Ni kosa la mtu wa redio: unasahau kwamba kuna wanaosikiliza kweli.

Nina miezi mitatu sasa. Ningekuambiaje, wifi? Nimekutania mezani, wewe ukanijibu kwa barua ile, na siku ya pili yake napima nakuta mimi ndiye niliyeshushiwa mzigo na meli. Nilihisi kama nimekupita kwenye foleni uliyoikimbia. Nikasema nitangoja, na kadiri nilivyongoja ndivyo ilivyokuwa ngumu. Halafu nikawa na uso wa kukulaumu eti sikuwa wa kwanza kuambiwa! Kile kijiwe nilichokutemea, nirudishie, ni changu.

Hali yangu si nzuri sana. Natapika asubuhi, mchana, na nikipita karibu na gundi. Daktari amenipa vidonge na amesema ninywe maji kidogo kidogo, mtoto yuko salama. Mchezo wa mfalme wamempa mtu mwingine, na radi yake wifi, ukiisikia, ni kama mtu anafungua pakiti ya chipsi. Mume wangu hawezi kuacha daraja kabla ya katikati ya mwezi ujao. Mama anataka kuja lakini goti lake halitaki ngazi zangu.

Usije. Wewe hasa, usije. Nakujua, utataka. Nitakuwa sawa.

Halafu jambo moja. Kwenye barua yako uliandika "kutapika". Neno zima. Ulikuwa na haraka ya kunisimulia ukalivuka bila kuliona.

Radi


30 Machi

Wifi,

Nimetuma hii na kondakta wa basi la leo ikutangulie. Mimi nakuja na la kesho asubuhi, kiti cha dirishani. Kaka yako amenisindikiza kukata tiketi na ameniuliza mara moja tu kama nina uhakika. Nimemwambia sina. Beseni la Mama nimelichukua.

Pindo


16 Aprili

Pindo wangu,

Umeondoka jana na nyumba imekuwa kubwa. Mume wangu amefika, amepika, ameunguza. Nampenda hivyo hivyo.

Nimelala hapa nakumbuka siku yako ya kwanza. Ulisimama ukumbini, mgongo ukutani, ukanisogezea beseni kwa mguu huku umefumba macho, kama unamlisha simba. Nilitaka kucheka lakini nilikuwa na shughuli. Kisha nikakusikia umejifungia bafuni, maji yamefunguliwa ili nisisikie unalia. Nilisikia. Mimi ni mtu wa sauti, huwezi kunifichia bomba. Nilijua usiku ule utafunga mkoba urudi, na nisingekulaumu hata kidogo.

Asubuhi ulikuwa jikoni unapima maji yangu ya kunywa kwa vijiko. Siku ya pili ulilishika beseni umegeuza uso. Sijui ni siku gani uliacha kugeuza uso, wifi. Nilikuwa nimeinama, nikahisi mkono wako baridi kwenye paji langu, na nikakusikia unasema, "Haya, basi. Haya, basi." Maneno yangu mwenyewe ya kwenye flashi! Nikajua yamekukaa kichwani kama wimbo.

Ulipokuwa unaondoka nilikuuliza kama hofu imekwisha. Ukasema, "Haijahama. Nimeipa tu chumba cha uani." Sebuleni, basi, pamebaki nafasi. Ya nani, sisemi, safari hii nimefunga mdomo.

Leo sijatapika hata mara moja. Ila beseni umelisahau.

Radi


11 Juni

Wifi,

Mimi mwenyewe. Kweli kweli. Mkunga amepima, akapima tena kwa sababu nilimwomba, halafu tukakumbatiana mpaka pini za kwenye gauni langu zikamchoma.

Wewe ndiye wa kwanza baada ya kaka yako. Yeye ameketi kwenye ngazi zetu amejishika kichwa anacheka peke yake. Mama nitamwambia jioni, uso kwa uso, si kupitia mlangoni.

Naogopa, wifi. Naogopa na siwezi kuacha kucheka.

Pindo


8 Desemba

Mama wa binti mwenye mapafu,

Nimepokea picha. Huyo mtoto amefungua mdomo kwenye zote, umemzaa au umemrekodi? Kaka yako ameibandika moja ndani ya sanduku lake la spana.

Huku tumbo limefika mahali kwamba cherehani naiendesha kwa ncha za vidole. Anacheza mpaka utepe unaruka. Na nikwambie ajabu: kichefuchefu nilikipata, miezi mitatu mizima, nikatembea na tangawizi kama silaha, lakini kutapika kwenyewe sijatapika hata mara moja. Mkunga anasema wengine hujaliwa. Wewe ungeshukuru. Mimi nimebaki kama mtu aliyesafisha nyumba, akatandika, akapika, na mgeni hakuja. Kwa sababu najua bado kuna leba, na wanawake wengi humkutia huko.

Kwa hiyo tumekaa na mkunga tukapanga. Karatasi moja, atakayeingia chumbani aisome. Beseni lisimame upande wangu wa kushoto, nilione muda wote, lisije likatafutwa. Sindano ya kutuliza kichefuchefu ipo, nikiiomba nipewe. Yeyote asiniambie "usijali", wala "jikaze", wala "ni jambo la kawaida". Nikisema naogopa, jibu ni "tupo". Kaka yako asimame nyuma ya kichwa changu, asitoke, na asinipapase, maana akiwa na wasiwasi anapapasa kama anatafuta swichi. Mkunga alicheka lakini aliandika. Akasema karatasi nyingi alizoletewa zinataja muziki na mishumaa, hii ya kwangu ndiyo ya kwanza kutaja beseni kabla ya mtoto.

Nikamwambia mtoto namjua tayari. Ninayemngoja kwa hofu ni huyo mwingine.

Basi nakuomba kitu kimoja. Lirudishe lile beseni la bluu. Jipya lipo dukani, lakini lile tumeshazoeana.

Pindo


19 Desemba

Wifi,

Limekuja na basi, na ndani yake nimekuwekea gauni ambalo binti yangu amelikataa kwa kupanuka. Nimelisugua beseni mpaka utepe wa Mama ungelifaa tena.

Usiku nikimnyonyesha nawaza leba yako kuliko nilivyowaza yangu. Nitakwambia jambo moja nililoliona kwangu: kuna wakati wote chumbani walinyamaza, na mimi nikafikiri mambo yameharibika. Kumbe walikuwa wanasikiliza tu. Wakinyamaza, usiogope.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata kama umelikimbia beseni mpaka barabarani bila viatu, niandikie.

Radi


9 Februari

Shangazi mtu,

Ndani ya bahasha kuna flashi yako. Usiiweke bado, soma kwanza.

Leba ilianza nikiwa nimesimama na mkasi. Kufika zahanati, mkunga akabandika karatasi ukutani, akaweka beseni kushoto. Kaka yako nyuma ya kichwa. Mama nje kwenye benchi, aliahidi hataingia na hatasema kitu. Nikaenda vizuri, wifi, nikaenda vizuri sana, mpaka njia ilipokaribia kufunguka yote na mwili ukaanza kutetemeka wenyewe, na nikaijua. Haijawahi kunijia miaka ishirini na saba lakini niliijua. Nikasema, "Inakuja." Mkunga akasema, "Tupo." Nikasema, "Naogopa." Kaka yako akasema, "Tupo." Sindano sikuiomba. Wifi, nilikuwa na nafasi ya kuiomba na nikasahau, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshaenda kushoto.

Nimetapika. Nayaandika maneno haya na kalamu haijasimama. Nimetapika mara mbili, ndani ya beseni la bluu, na halikuwa jambo zuri, asikudanganye mtu. Lilikuwa chungu, la moto, na fupi. Fupi! Ningewezaje kujua ni fupi? Miaka yote hii nimelikimbia jambo ambalo linakwisha kabla hujamaliza kupiga pasi kola moja. Nilijifuta, nikamwangalia mkunga, nikamwuliza, "Ndiyo hii tu?" Akasema ndiyo hii tu. Nikaanza kucheka, na katika kucheka huko mwili ukasukuma.

Kaka yako alikuwa ameishika simu. Nilimwagiza mimi, kipengele cha mwisho cha karatasi ambacho sikukwambia. Alirekodi.

Sasa iweke flashi. Zako tano ziko palepale, nimeongeza ya sita. Huyo ni mimi. Utanisikia navuta pumzi na kusema, "Haya, basi." Halafu kwa mbali, nyuma ya mlango, kuna mtu anasema kwa furaha, "Hiyo sasa ndiyo yenyewe!" Huyo ni Mama, ameshindwa kutimiza ahadi. Baada ya hapo chumba kitanyamaza, wote watanyamaza, na utadhani imekwisha.

Usizime, wifi. Sikiliza.

Pindo